Datsun ya Maige na Godoro la Mama Kija

"Sizimi injini mpaka mtamba asimame mbele ya boneti!"

Maneno hayo Nathaniel Maige aliyasema mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, akiwa amesimama na chupa ya soda mkononi, mbele ya kamati nzima ya harusi ya binti yake Kija na mbele ya wakwe waliotoka Misungwi kuja kuhudhuria kikao. Hakuna aliyemchokoza. Kilichokuwa kinajadiliwa wakati huo ni masufuria ya pilau, yaazimwe parokiani au yakodishwe. Maige akasimama, akakohoa kama mkuu wa wilaya, akaliachia hilo.

Watu walipiga makofi, maana walielewa. Katika ukoo wa kina Maige, tangu mabibi harusi waanze kupelekwa kwa magari badala ya miguu, desturi ni moja: gari likifika kwa wakwe, bibi harusi hashuki na dereva hazimi injini. Injini ikiunguruma, maana yake wenye binti hawajaridhika bado, na wakitaka wanaweza kugeuza gari wakarudi naye nyumbani. Basi wakwe hutoa cha kumshushia. Kanga, mbuzi, wakati mwingine maneno matamu tu na kuku mmoja mwenye aibu. Kikitolewa kinachoridhisha, dereva anazungusha ufunguo, injini inanyamaza, vigelegele vinapaa. Na injini ikizimika yenyewe je? Hapo hakuna tena mjadala. Bibi harusi anashuka bure, kama abiria aliyefika kituo chake.

Mzee Chenge, baba wa bwana harusi, mfugaji mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, alitabasamu.

"Mtamba mzima wa ng'ombe, mzazi mwenzangu? Na gari lenyewe ni lile jekundu?"

"Ndilo."

"Lile nililolikuta Buhongwa limefunuliwa mdomo, linafuka moshi?"

"Ule ulikuwa mvuke," alisema Maige, akakaa.

Ili kumcheka Maige kwa haki, ni lazima kwanza ajulikane. Alikuwa dereva wa shirika la umma ujana wake wote. Alimwendesha meneja, akamwendesha mke wa meneja kwenda kusuka, akawaendesha watoto wa meneja kwenda shule kila asubuhi. Aliwahi kumwendesha hata mbwa wa meneja kwa daktari wa mifugo, na mbwa alikaa kiti cha nyuma, ameinua kidevu, kama mjumbe wa bodi. Kanuni za shirika zilikataza dereva kupakia familia yake, na Maige alikuwa mtu wa kanuni. Kwa hiyo miaka yote ile Kija alikwenda shule kwa miguu, na baba yake alikuwa akimpita barabarani na watoto wa watu nyuma, vioo vimefungwa wasiingiwe na vumbi. Alichoweza kumpa mwanawe kilikuwa honi. Mbili, fupi. Pi-pi. Kija alikuwa akiinua mkono bila kugeuka, anaendelea kukanyaga vumbi hilo hilo.

Kisha ikaja enzi ya ruksa. Milango ikafunguliwa, mashirika yakauzwa, na madereva wakaambiwa wamepunguzwa, kana kwamba walikuwa chumvi iliyozidi. Maige akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Wenzake walikuwa na akili: huyu akanunua mashine ya kusaga, yule akaingia kwenye mitumba, mwingine akanunua mtumbwi wa injini akafuata sangara na leo ana tumbo la heshima. Maige yeye alikwenda kwa Shiraz.

Shiraz alikuwa na duka la magodoro, ndoo na mapazia katikati ya mji, na nyuma ya duka alikuwa na Datsun ya mashindano. Nyekundu, milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, aliyeikimbiza kwenye mashindano ya magari enzi za ujana. Shiraz mwenyewe alikuwa ameagiza gari la Kijapani lenye kipoza hewa, anatafuta nafasi ya kuliegesha. Walikubaliana bei bila mtu kulia.

"Viti viwili?" aliuliza Justa, mke wa Maige, siku gari lilipoingia mtaani kwao Igogo. "Baba Kija, sisi ni watu sita."

"Tutapanda kwa zamu."

"Na magunia yangu ya dagaa?"

Maige alimtazama kana kwamba ameomba kuanika dagaa juu ya altare.

Kuendesha wakubwa kulikuwa kumemwachia Maige ugonjwa mmoja usio na dawa, nao ni usafi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuliosha gari nje, ndani, chini, kisha akafungua boneti. Kule mbele, kuizunguka rejeta inayopoza maji ya injini, pande zote na juu pale boneti inapolalia, alikuta vitu vyeusi vinavyomeguka kama mkate ulioungua, vinanata vidoleni. Alitwaa kisu cha jikoni akavikwangua vyote, akamalizia na kitambaa cha mafuta ya taa mpaka bati likang'aa. Aliita majirani waje waone.

"Mhindi alikuwa hasafishi gari," alisema.

Siku chache baadaye Datsun ikaanza kuchemsha, na ilichemsha kwa dharau. Ukiikimbiza mpaka Usagara, mshale wa geji ya joto unalala katikati, umetulia kama mzee aliyeshiba ugali. Ukiingia mjini ukakwama nyuma ya mkokoteni, au ukasimama na kuiacha inaunguruma, mshale unaanza kupanda mdogo mdogo, unafika pekundu, na rejeta inapiga mluzi mtaa mzima unageuka. Fundi wa kwanza alibadili mipira ya maji. Wa pili alizibua rejeta. Wa tatu alitoa kithibiti joto akakitupa, akasema magari ya huku hayahitaji mapambo. Wa nne alimwuliza kwa sauti ya chini kama ana jirani anayemwonea kijicho. Datsun ikaendelea kuchemsha.

Hilo ndilo gari alilojisifia nalo mbele ya kamati.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Selina, dada yake Maige, mwanamke aliyezaliwa akiwa tayari anaongoza kikao. Wageni walipoondoka alimvuta kaka yake pembeni.

"Kaka, wakwe zako hawaandai mtamba. Wanaandaa wimbo mrefu."

"Wimbo gani?"

"Nimewasikia wajomba zake bwana harusi wakicheka pale nje. 'Waache waungurume,' wanasema, 'sisi tutafunga lango tuimbe. Kabla ya ubeti wa tatu gari lenyewe litatuletea mke.' Na mpambe wa Kija umempangia akae wapi kwenye viti vyako viwili? Juu ya boneti, atukaangie mayai?"

"Gari litakuwa zima."

"Pikapu ya mume wangu ni nzima leo hii. Sikiliza. Jumamosi moja kabla ya harusi nakuja hapa, uliwashe, lisimame linaunguruma mimi nakunywa chai. Likichemsha, Kija atapanda pikapu ya Shimba, na wewe utakaa nyuma ukishikilia masufuria."

Haya yote Maige aliyameza. Kilichomkwama kooni kilikuja jioni, alipokuwa ameinamia injini, na Kija akaja kusimama karibu yake. Alikuwa mwalimu sasa, anafundisha Nyegezi, msichana mtulivu mwenye tabia ya kusubiri mtu amalize kusema ndipo amwangushe.

"Baba," alisema, "hata pikapu ni sawa."

Alisema kwa upole kabisa. Ndiyo maana iliuma. Miaka yote hiyo alikuwa amezoea kwamba gari la baba si la kupanda yeye, na hata leo alikuwa tayari kuinua mkono na kuendelea na safari yake.

Asubuhi yake Maige alikwenda mjini kugombana na Shiraz.

Shiraz alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, nyuma yake magodoro yamepangwa mpaka darini. Alimsikiliza Maige mpaka mwisho: jinsi alivyouziwa birika badala ya gari, jinsi ambavyo Mungu anaona. Kisha akanyanyuka, akaenda nje, akafungua boneti. Akapitisha kidole ukingoni mwa rejeta.

"Maige. Sponji iko wapi?"

"Sponji gani?"

"Iliyozunguka rejeta. Hapa, na hapa, na hapa juu."

Maige akainama kutazama. "Ule... ule uchafu mweusi?"

"Uchafu!" Shiraz alishika kichwa. "Ilikuwa imezeeka, sawa, ilikuwa ya kubadilisha. Lakini ilikuwepo! Wewe uliosha gari au ulilichuna?"

"Lakini ni sponji tu, tajiri. Sponji inahusiana nini na maji kuchemka?"

"Feni inavuta upepo wa mbele, upite ndani ya rejeta, uipoze. Pembeni pakiwa wazi, upepo utahangaika nini kupita humo? Feni inarudi kuvuta hewa ya moto ya injini yenyewe. Jifunike blanketi kichwa kizima, pumua pumzi yako hiyo hiyo, uone. Ukikimbia, barabara inakusukumia upepo, huoni shida. Ukisimama, kwisha." Akafunga boneti taratibu, kama anayemfunika marehemu. "Kaka yangu alikuwa anabadilisha sponji hiyo kabla ya kila mashindano. Ngoja nikukatie, dukani ninayo."

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema asante. Lakini Maige alikuwa ametoka kumwita mtu huyu tapeli mbele ya wateja, na kiburi chake hakikuwa na rivasi.

"Nyumbani ninayo," alisema.

Na kweli alikuwa nayo. Alikuwa amelala juu yake usiku uliopita.

Justa alikuwa mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni, na dagaa wake. Maige alifunua shuka, akalitazama godoro la ndoa yao, akapiga hesabu ya mtu asiyetaka kugombana. Justa ni mfupi, miguu yake haifiki mwisho wa godoro. Basi akakata upande wa miguuni, vipande virefu, akajaza shimo kwa magazeti na nguo kuukuu, akatandika shuka vizuri kabisa kwa ule usafi wake. Vile vipande akavibandika kuizunguka rejeta. Akawasha. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukafikiri, ukakaa.

Maige alicheka peke yake uani kama mwendawazimu. Kuanzia siku hiyo alikuwa analala amejikunja, magoti kidevuni, ili miguu yake isizame kwenye magazeti na kupiga kelele.

Ikafika Jumamosi ya Selina. Kamati ilikuja na viti vyake, majirani wakaja bila viti, na Shimba akaiegesha pikapu yake mahali ambapo kila mtu ataiona. Maige hakuwepo. Alikuwa ziwani. Angeletaje gari mbele ya watu bila kuliosha? Alikuwa amelirudisha kinyumenyume hadi kwenye maji ya Igogo, amelimwagia ndoo juu ya ndoo, na kwa kuwa mtihani ulikuwa wa injini, alikuwa amefungua boneti akaosha na humo.

Alifika linang'aa. Akalisimamisha, akaliacha linaunguruma, akashuka akaegemea mlango kwa madaha. Selina akamiminiwa chai.

Godoro, ambalo kazi yake yote duniani ni kunywa, lilikuwa limekunywa ziwa. Lilikuwa limevimba, limekuwa zito, na sasa gundi ilianza kuachia. Kwanza ilisikika sauti kama ya mtu anayetafuna muwa. Kisha feni ikalikamata sawasawa. Vipande vilitoka chini, pembeni na kwenye matundu ya boneti, vikaruka juu kama bisi, vikawanyeshea kamati nzima. Kimoja kilimwangukia Selina kwenye nywele, kimoja kwenye chai. Kisha rejeta ikapiga ule mluzi wake.

Justa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na beseni lake, aliinama akaokota kipande. Kilikuwa cha rangi ya waridi. Akakibonyeza. Akakinusa.

"Baba Kija," alisema. "Hili ni godoro langu."

"Ni sehemu ndogo tu, Mama Kija."

"Kumbe ndiyo maana! Wiki nzima unalala umejikunja kama dagaa aliyekaukia juu ya jiwe, nikasema masikini, mume wangu ana uchungu wa kumwoza mwanawe. Nikakuhurumia! Nikakupikia sato!"

Igogo ilicheka mpaka korongo waliokuwa juu ya mapaa wakaondoka. Selina alitoa kipande kwenye chai, akakiweka kwenye kisosi, akasimama.

"Pikapu," alisema.

"Wifi, kaa," alisema Justa.

Justa alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, mtoto wa mvuvi, na kwa kawaida katika jambo la Datsun alikuwa upinzani. Lakini alikuwa amemwona Kija. Kija alikuwa amesimama mlangoni, hacheki. Alikuwa anamtazama baba yake, ambaye alikuwa anaokota vipande vya godoro kimoja kimoja na kuvitia mfukoni, kana kwamba vinaweza kuungwa.

"Harusi ni wiki ijayo," Justa alisema. "Mpe nafasi nyingine. Kama godoro langu limeliwa, angalau liwe limeliwa kwa sababu."

Akaingia ndani, akatoka na kamba ya wavu mkuukuu aliokuwa akifungia magunia. Juu ya kamba vilikuwa vimetungwa vipande vya mviringo, bluu na vyekundu, vimekatwa kwenye ndala zilizochakaa.

"Nyavu za baba yangu zilikuwa zinaelea kwa kitu gani? Kwa godoro?" alimwuliza mumewe. "Nyie Wasukuma mnaogopa maji mpaka hamjui kinachoyanywa na kisichoyanywa. Bonyeza hapa. Hiki kimelala ziwani miaka, kikate uone kama ndani kuna tone."

Maige alibonyeza. Kikabonyea, kikarudi. Akakitazama kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Wiki ile, ukiwa Igogo na ndala yako imekatika, hukuitupa, uliipeleka kwa Maige. Ziliingia za kushoto bila za kulia, za watoto, za wachuuzi wa samaki zenye harufu yake, na moja mpya kabisa ambayo mwenyewe alikuja kuidai siku ya pili kwa hasira. Safari hii Maige alifanya kazi kama dereva, si kama mfanya usafi. Alipima kila upande kwa uzi. Alikata kwa wembe, akabandika ndala juu ya ndala mahali palipotaka unene. Alifuta bati kwa petroli, akapaka gundi ya viatu pande zote mbili, akasubiri ishike kidogo ndipo akagandamiza. Halafu akachukua kadi moja ya mwaliko wa harusi, iliyoharibika jina, akaiweka juu ya ukingo na kufunga boneti. Kadi ikivutika kirahisi, pana mwanya, anaongeza ndala. Isipovutika, anahamia mbele kidogo. Alizunguka hivyo pande zote mpaka kadi ikachanika mkononi. Ukifungua boneti, palionekana kama bendera ya nchi ambayo haijapata uhuru.

Alilimwagia maji makusudi. Akaliwasha. Selina alikunywa chai, akaongezewa, akaomba na maandazi. Mshale ulilala katikati.

"Haya," alisema mwisho, akijifuta mdomo. "Lakini mpambe atapanda pikapu."

Ndoa ilifungwa kanisani asubuhi. Bwana harusi, Paulo, alitangulia Misungwi na watu wake, kwa kuwa kwa kina Chenge mume hukutwa langoni akisubiri. Nyuma yakafuata matarumbeta, pikapu na mpambe, na lori la kwaya. Mbele ya wote Datsun nyekundu, na ndani yake watu wawili tu, kwa sababu hapakuwa na nafasi ya wa tatu. Shela ya Kija ilijaza gari mpaka Maige alikuwa anabadili gia kwa kupapasa.

Walipopita Nyegezi, watoto wa shule anayofundisha Kija walikuwa wamejipanga kando ya barabara.

"Wapigie honi, baba," alisema.

Maige akapiga. Mbili, fupi. Kija akaangalia nje ya kioo.

"Nilikuwa najua ni wewe hata kabla ya honi," alisema. "Ulikuwa unapunguza mwendo."

Maige alijifanya anatazama geji.

Misungwi wakaingia kwa mwendo wa matarumbeta, yaani mwendo wa konokono mwenye mgonjwa. Jua lilikuwa juu kabisa. Lango la Mzee Chenge lilikuwa limefungwa, na nyuma yake wimbo ulikuwa umeshaanza. Selina hakuwa amekosea: ulikuwa wimbo mrefu. Ulitaja babu wa ukoo, ukamtaja babu wa babu, ukaenda kwenye ng'ombe zao ukaanza kuwataja mmoja mmoja kwa rangi. Kila baada ya kipande, mjomba mmoja alikuwa akichungulia juu ya ukuta kuitazama boneti.

Datsun ilikuwa inaunguruma. Maige alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mteremko, macho kwenye mshale. Mshale ulitikisika kidogo, akaacha kupumua. Ukatulia.

Wimbo ulifika kwa ng'ombe wa baka jeupe, ukapungua nguvu. Sauti za kina mama zilikuwa zimekauka. Mjomba mmoja alitoka, akaja akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima mtoto homa, akakiondoa, akarudi ndani akitikisa kichwa. Wimbo ukarudia babu wa ukoo kwa aibu, ukafa njiani.

Lango likafunguliwa. Mzee Chenge alitoka na fimbo yake, akainamia dirisha.

"Mzazi mwenzangu. Leo halichemki?"

"Leo lina kazi," alisema Maige.

"Unaweza kunifungulia nione ulichokiweka?"

"Baada ya mtamba."

Mzee Chenge akacheka, cheko la mtu anayejua kushindwa na watu wake wakiona. Alipiga mluzi. Mtamba alikuwa ameshafungwa kamba tangu asubuhi nyuma ya nyumba. Mzee hakuwa mtu wa kutegemea wimbo peke yake. Wakamleta, mwekundu, pembe fupi, akasimama mbele ya boneti wakatazamana, yeye na gari. Vigelegele vikalipuka. Selina alikuwa amepanda juu ya pikapu ya mumewe, anacheza mwenyewe.

Maige akashika ufunguo. Akawa hauzungushi. Ilikuwa imempata ghafla, katikati ya ushindi wote ule, kwamba kuuzungusha ndiko kumtoa mwanawe.

Mkono wenye glovu nyeupe ukaja juu ya wake.

"Bado," alisema Kija. Akateremsha kioo, akainua sauti ya mwalimu mbele ya darasa. "Baba mkwe, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtamba nashukuru. Lakini sishuki. Bado godoro."

Maige alifumba macho.

"La mama yangu," Kija aliendelea, kila neno likifika mpaka mwisho wa msafara. "Baba alilikata ili gari hili lisichemke, aweze kunileta mwenyewe. Likaliwa na feni. Mama analala kwenye magazeti. Sishuki hapa nikaenda kulala pazuri, mama yangu anasoma matangazo kwa nyayo."

Justa, juu ya lori, alifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Wajomba walijishika mbavu. Mzee Chenge aligeuka kumtazama Maige muda mrefu, bila kucheka safari hii, akavua kofia yake.

"Mzazi mwenzangu, ulikata godoro?"

"Upande wa miguuni tu," alisema Maige.

"Paulo!" mzee aliita. "Kimbia dukani."

Injini iliendelea kuunguruma mpaka Paulo aliporudi, suti yake ya harusi imejaa vumbi, godoro kichwani, jipya, bado liko kwenye nailoni. Akalilaza juu ya paa la Datsun. Kija akaondoa mkono wake juu ya ufunguo. Maige akauzungusha, na kwa mara ya kwanza tangu Igogo pakawa kimya.

Kija alishuka. Alikuwa ameshafika langoni, shangazi huku, mpambe kule, shela inaburuta vumbi, pale ziliposikika nyuma yake honi mbili, fupi. Hakugeuka. Aliinua mkono.

Godoro lile alilolikimbilia Paulo, futi tano kwa sita, inchi nne, lilinunuliwa kwa shilingi elfu kumi na nane na mia tano.